Acha Shubiri Moja

Shangazi Siprosa ananipima kwa macho
kabla hajaniazima mundu:
miguu laini ya mjini,
kucha za rangi ya zambarau.
"Ukiingia na viatu, kinamasi kitavila.
Ukiingia na maneno, kitayameza hayo pia."

Basi naingia kimya. Dunga, alfajiri,
maji kiunoni, yana baridi ya mtungi,
na juu yangu mafunjo,
marefu kuliko mlango wa kanisa letu,
kila bua na kichwa chake cha nywele timtim
kama mtoto aliyemkimbia msusi.

Shika bua. Lina pembe tatu,
hata gizani kidole kitalijua.
Tazama kichwa: kikiwa bado kimefumba, liache, hilo ni mwari.
Likishakuwa kahawia umechelewa, hilo ni kuni.
Na ukikata, acha shubiri moja juu ya maji,
mzizi upate pa kupumulia.
Rudi baada ya miezi sita
ulikute limesimama palepale,
refu, halina kinyongo.

Ruba amenishika nyuma ya goti. Simwambii.

Wala sikumwambia ninachouza Kibuye.
Anajua. Alipita Jumapili moja
akaikuta mikeka yangu ya plastiki imeviringishwa, imepangwa,
imechapwa mistari ya mafunjo makavu,
hata mafundo ya kamba yamechapwa.
Aliinama, akaunusa mmoja.
"Mwanangu, hiki hakijawahi kuwa hai."
Akanunua chumvi, akaenda zake.

Kisha wiki hii akaja Ogalo wa Rabuor,
shati limefungwa vifungo upande upande.
Akapapasa wa bluu, akapapasa wa kijani,
akauliza bei, akanyamaza.
"Dorsila hawezi kulalia kitu kisichooza.
Yeye ataisha, chenyewe kibaki kule chini
kinamngoja nani?"
Nikaitazama bidhaa yangu, dhamana miaka kumi,
na kwa mara ya kwanza
nikaona aibu ya kudumu.

Siku tatu mafunjo yanalala uani,
yanatoka kijani yanaingia rangi ya mbwa wetu.
Watoto wa jirani wameshaiba mashina,
wanatafuna ule weupe wa chini, wanatema makapi
kama wala miwa wa Muhoroni.
Vichwa tumefagilia jiko.
Vipande vimekausha samaki,
na majivu Shangazi anayachuja kwenye kibuyu kilichotobolewa,
tone, tone, maji makali ya kulainisha mboga chungu.
"Baba yako alizaliwa juu ya haya," anasema,
hata hanitazami.
"Dari hii ni haya.
Na mwaka ule ziwa lilipopanda likakuta kitanda,
nilitoka na sufuria, kitambulisho, na mkeka.
Kitambulisho kililowa."

Kamba ya katani inapita, inarudi.
Bua juu ya bua, shina kwa ncha, ncha kwa shina,
kwa maana, anasema, ukiyapanga yote upande mmoja
mkeka utakwenda tenge kama ukoo wenye mrithi mmoja.
Vidole vyangu vimechanika. Vyake vilichanika zamani,
vikakubaliana na mambo.

Siku ya nne ananiambia, "Lala."

Nashtuka.

"Dorsila alikuwa wa kimo chako. Mimi sina futi. Lala."

Nalala. Mkeka unalia chini ya mgongo wangu,
krr, krr, halafu unanyamaza, unanizoea.
Unanuka kinamasi, moshi, na jua la jana.
Juu, dari; chini, mkeka:
niko katikati ya mmea mmoja
na sijui ni nani amemkata mwenziwe.
Nje mtu anapiga honi, pikipiki ya Ogalo imefika.

Shangazi anapiga magoti miguuni pangu,
anaweka kiganja pale nyayo zinapoishia,
ananyoosha kidole gumba, anaongeza shubiri moja.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kujigeuza," anasema,
na kuikata kamba kwa meno.